Rejeta ya Baridi, Injini Inachemka

Jumatano, jioni. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Sina raha hata kidogo.

Gari limechemka tena leo. Mara mbili, kwenye mlima uleule wa kwenda hospitali ya Mibirizi, Papa akiwa ndani. Tulipofika hospitali, yule anayemfanyisha mazoezi ya mkono alikuwa ameshaondoka. Hii ni Jumatano ya tatu tunamkosa. Papa alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia umelala, na maneno yaliyombakia ni machache mno. Mazoezi yale ndiyo tumaini letu lote. Kwenye pikipiki hawezi kukaa, tulijaribu mara moja nusura aanguke kwenye kona.

Gari lenyewe ni kazi ya mikono yake. Alikuwa fundi Bukavu miaka yote tuliyokaa kule, na tuliporudi upande huu wa mpaka akachukua gari dogo la kawaida, akalivisha injini ya minibasi ili lipande milima ya Nzahaha likiwa na magunia ya mihogo. Watu walimcheka. Lilipanda.

Sasa limeniangukia mimi, mtu wa ofisini, ambaye ufundi wangu wote ni kumshikia taa nilipokuwa mdogo. Nimebadilisha rejeta. Nimebadilisha pampu ya maji, feni, na mabomba. Sijui ni mafundi wangapi wa hapa mjini Kamembe wameinamia ile injini, wakatikisa kichwa, wakasema lao. Nimefika mahali ambapo nikisikia maji yanaunguruma mle ndani nataka kukaa chini barabarani nilie.

Leo nilikaa.

Tuliporudi nyumbani nilifungua boneti, nikabaki kuitazama tu. Maman akamleta Papa kwenye kiti chake. Papa akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akauweka kwenye bomba la chini la rejeta.

Baridi. Injini inafuka mvuke, na bomba lile ni baridi. Kisha akausogeza mkono wangu juu, pale inapokaa themostati, kile kidude kinachofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, akafanya duara kwa vidole viwili.

"Iko wapi?"

Nilijua anauliza nini. Jumapili moja baada ya misa, miezi kadhaa iliyopita, niliitoa mimi mwenyewe. Huku kwetu mafundi wote wanaitoa. Wanasema ni kitu cha nchi za baridi, ukiitoa gari linapoa zaidi. Nilikuta imechomelewa kisahani cha bati kwa chini, kimepindapinda, nikadhani ni kiraka cha zamani. Nilicheka, jamani. Nikaitupia kwenye gunia la vyuma chakavu, na wanunuzi wakapita wakalibeba. Siku hizo nilikuwa naendesha hapahapa mjini tu, halikuchemka. Lilipoanza kuchemka kwenye safari za hospitali nililaumu mlima. Nikapeleka gari kwa kila mtu isipokuwa kwa mwenye gari.

Leo, mkono ukiwa kwenye chuma kile, ndipo nilipoelewa: kile kisahani alikichomelea yeye. Pembeni ya ile injini kuna njia fupi ya maji, na maji yalipopata moto kisahani kiliifunga, ili yote yapitie kwenye rejeta. Mimi nimeiacha wazi, maji yanazunguka humohumo ndani, rejeta mpya imekaa bure. Hakuna duka lenye kitu kama hicho. Vipimo vyake viko kichwani mwa Papa, na mkono uliokitengeneza ndio huo uliolala.

Ningemwambia palepale. Badala yake nikajibu, "Sijue, Papa. Pengine iko mu sanduku yako."

Nimemdanganya baba yangu, mtu ambaye hata maneno ya kunigombeza hana tena. Niliona haya, basi. Sikutaka ajue kwamba kazi yake niliiona takataka.

Maman akaleta sanduku la vyuma vyake, akaliweka mbele ya kiti, akatandika kitambaa chini.

"Umusaidie kutafuta," akaniambia. "Papa yako haulizake kitu bure."

Sikumsaidia. Nilisema nina kazi, nikaingia ndani, nikawa namtazama dirishani. Alitoa nati moja moja kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akaipanga kwenye kitambaa. Iliyomponyoka aliifuata mpaka akaishika. Maman anasema hajamwona akishughulika hivi tangu augue, na amefurahi sana.

Giza lilipoanza kuingia alikuwa amefika nusu. Hakukubali sanduku lifungwe. Imebidi Maman alifunike kwa kanga na kumwahidi kwamba kesho hakuna atakayeligusa kabla yake.

Mimi naamka wa kwanza hapa nyumbani. Nimwambie kabla hajaifunua ile kanga, au nikae chini karibu naye nitafute kitu ninachojua hakimo?