Maji Uliyotema Maktau

Kaka Mwakio,

Huko uliko sijui kama barua hufika, lakini baba amenichosha na swali lake, nami sina wa kumuuliza ila wewe.

Unaikumbuka siku tuliyotoka Voi kwenda Taveta kwa baiskeli? Wenye akili zao walipanda treni. Wewe ulitaka kuiona nchi yote iliyo kati ya mbuga ya Mashariki na ya Magharibi kwa nguvu za miguu yako, na mimi nikae kwenye keria nimekumbatia chupa ya maji. Mpaka Mwatate tulicheka. Baada ya Bura milima yetu ikabaki nyuma, mbele ikawa miiba, vumbi jekundu, na ndovu wekundu kama udongo wenyewe. Nilikushika shati kwa woga nawe ukanicheka.

Jioni iliyotangulia baba alikuwa ameshuka kutoka Ronge na kibuyu cha pombe ya miwa ili mtase. Mlikuwa hamsemezani tangu ampe baba mdogo lile shamba lako. Kwetu mwenye kinyongo hupiga funda, akasema yaliyo moyoni, akatema chini, na hasira ikatoka hapo hapo. Asiyetasa, hasira yake hubaki ikitafuna watu wa nyumbani. Hukukigusa kibuyu.

"Mimi sina la kutasa, mzee. Tasa wewe."

Karibu na Maktau tukapata pancha. Nilikuwa nachomoa mwiba nilipokuona umenipa mgongo, umeielekea milima ya kwetu, chupa mkononi. Ulipiga funda, ukatema. Nikasikia sauti yako, ila upepo ukayachukua maneno.

"Wee! Si hayo ndiyo maji yetu ya mwisho?"

"Nasukutua vumbi tu, Mghoi. Ziba hiyo pancha twende."

Tukafika Taveta ndimi zimekauka, tukalala kifudifudi kando ya mfereji tukinywa kama ng'ombe. Mwezi haukuisha, lori likakugonga Maungu.

Tangu hapo, mbuzi akifa, ni Mwakio. Mahindi yakikauka, ni Mwakio. Sasa baba hainuki kitandani. Anasema anasikia kengele ya baiskeli uani, nifungue mlango, mtoto amekuja na hasira zake. Nafungua, hakuna mtu. Kinachonitisha, kaka, ni kwamba kengele hiyo hata mimi naisikia.

Na swali ni lile lile: "Mlipokuwa njiani, alitasa?"

Nimekaa na maji yale miaka yote hii. Mtu mwenye kiu, jua lile, atasukutuaje mdomo kwa funda la mwisho? Halafu naikumbuka sauti yako kavu, na sina uhakika tena.

Jana nilimjibu. Nilimwambia ulisimama Maktau, ukaitazama milima, ukasema maneno, ukatema. Akauliza, "Aliangalia huku?" Nikasema ndiyo, huku. Akalia, kisha akalala mpaka kukapambazuka.

Ulichonijibu pale barabarani sikumwambia, wala sitamwambia. Kama ulikuwa unasukutua vumbi kweli, basi mzee mwache afe kwa amani. Hasira yako njoo nayo kwangu. Mlango wangu ni ule wa jikoni, na siufungi.

Mimi mdogo wako,
Mghoi