Mikono ya Mama Akinyi

Jumamosi, Oktoba 1996

Nimeupaka ule uso, na bado nina hasira. Mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Makongeni aliniomba picha ya Mama Maria, ya kuzungushwa nyumba hadi nyumba mwezi huu wa rozari. Nikamchora bure. Vazi la buluu, taji la nyota, moyo kifuani, yote kama desturi. Lakini uso na mikono nilichukua vya Mama Akinyi, jirani yangu muuza mboga, kwa sababu ndiye anayewaosha wagonjwa waliokimbiwa na ndugu zao.

Mwenyekiti alipoiona akafoka. "Fundi, tumpigie magoti mama wa sukuma wiki? Mpake awe mweupe, kama yule wa kalenda!"

Nikamtazama Mama Akinyi, aliyekuwa amesimama hapo kando, nikitumaini atakasirika pamoja nami. Akainamisha kichwa. "Mpake tu, baba. Kwani mimi ni nani?"

Hilo limeniuma kuliko matusi yote.

Basi nikaupaka uso weupe wao. Mikono nikaiacha ilivyo, myeusi, na nyufa zake zote. Leo jioni, baada ya rozari, watu walijipanga kuibusu mikono hiyo. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti, macho ameyafumba.