Neno Lililopigiliwa Bila Mimi

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiomba msaada, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu hata mimi najua jambo lenyewe likisemwa haraka linachekesha: nimegombana na wifi yangu kwa ajili ya lugha ya mbilikimo.

Ni wale mbilikimo wa hadithini, wenye ndevu za kufika kiunoni, wanaochimba madini chini ya milima. Mimi na kaka yangu tuliwabuni tukiwa wadogo, wazazi walipokuwa wakienda kazini na kutufungia ndani, tukawa tunaingia chini ya meza ya chakula tunasema huu ndio mgodi, na kwa kuwa watu wa mgodini hawawezi kuongea kama mama na baba tukaanza kuwatungia maneno yao. Kaka alisema kila neno lazima likatike ghafla mwishoni, maana ukilivuta vumbi linakuingia mdomoni. Basi gorm ni giza la ndani ya mwamba, na usht ni giza la kufumba macho mwenyewe, na hayo ni mambo mawili. Brak ni nyundo. Rafiki ni brakdun, nyundo ya pili, yule anayepiga wewe ukipumzisha mkono. Jua halina jina, huitwa tu taa ya warefu. Kwaheri pia hawana. Mwenzao akishuka shimoni, aliyebaki juu humwambia hok, yaani kamba imeshikwa.

Sheria ilikuwa moja. Neno likibuniwa linakuwa bichi, halitumiki, mpaka ngumi mbili zipige meza, na hapo limepigiliwa kama msumari, haling'oki tena.

Tulikua lakini hatukuacha. Yeye akawa fundi wa lifti, mimi napiga pasi kwa dobi, na akipita dukani na ovaroli yake inayonuka grisi alikuwa anasema neno bichi akiwa bado mlangoni, bosi wangu anaguna, "Haya, wehu wameanza," mimi napiga ngumi meza ya pasi, yeye anapiga kaunta, anaondoka zake akicheka.

Kaka alifariki mvua zilizopita. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo walilokuwa wakitengeneza lifti, anakunywa chai, wenzake wakadhani anasinzia, kumbe moyo umesimama. Tangu hapo nina maneno mabichi kichwani na sina wa kuyapigilia naye, likiwemo moja la harufu ya grisi kwenye nguo iliyofuliwa, na naona aibu kukuambia lakini nilijaribu kupiga meza kwa mkono wa kulia halafu wa kushoto. Haikuwa sawa.

Sasa wifi. Hana ubaya, anashona mapazia, ana utani, akitukuta tunaongea alikuwa anasema, "Haya, warefu tutoke, wenye nyumba wameingia." Juzi alikuja dukani na ovaroli ya marehemu niinyooshe, kwa kuwa anafunga mizigo, mwisho wa mwezi anahamia kwa dada yake, mbali sana.

Akasema, "Wifi, kabla sijaondoka nifundishe hicho Kimbilikimo chenu. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji ikikohoa."

Nikamwambia kilikuwa cha watu wawili.

"Mbona neno moja ninalo? Alikuwa ananiita tholn."

Mshauri, neno hilo silijui. Nikamwambia, "Hakuna neno kama hilo."

"Lipo, wifi. Tulilipigilia jikoni, ngumi yangu na ngumi yake, hadi chumvi ikamwagika."

"Bila mimi?"

"Sasa wifi, tungekuita uje kutushikia kopo la chumvi?"

Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilimwambia hilo si neno, ni kelele, nikageuka nikaendelea kunyoosha shati la mteja lililokuwa limenyooka kitambo. Akaikunja ile ovaroli na makunyanzi yake, akatoka, na hajanipigia simu tena.

Kinachoniuma ni kwamba nilidhani kaka hana neno nisilolijua, na sasa naona kama nikimfundisha wifi nitakuwa nimegawa kitu pekee alichoniachia, na nisipomfundisha anaondoka, nami nabaki nacho nikiongea na pasi. Nifanye nini?

Ni mimi, Mpiga Pasi.

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga Pasi, pole, dada yangu. Sikucheka, isipokuwa kwenye chumvi, na nadhani hata kaka yako angenisamehe. Wengine huachiwa saa, wengine koti. Wewe umeachiwa lugha, na koti mtu huvaa peke yake, lugha haivaliki hivyo. Ndiyo maana umechoka.

Lakini pale kaunta umekosea, na unajua. Mwanamke amefiwa na mume, amekuja na nguo yake mikononi, nawe unamwambia jina alilokuwa akiitwa na mumewe ni kelele? Shati la mteja lilikuwa limenyooka. Wewe ndiye uliyejikunja.

Wala kaka yako hakukudanganya. Umeniandikia sheria yenu kwa mkono wako: ngumi mbili zipige meza. Sijaona mlipoandika ngumi za nani. Alimpa mkewe neno moja, na maneno yako yote bado unayo. Na hiyo mikono yako miwili ni ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa nisikilize. Nilisoma barua yako mara ya pili nikitafuta maana ya tholn. Haimo. Gorm umenieleza, usht umenieleza, tholn hukunieleza, kwa sababu hukuuliza. Sisi tuliofiwa hurudia maneno yale yale ya marehemu mpaka yanachakaa, maana hataongeza mengine. Wewe kuna neno la kaka yako ambalo bado hujaambiwa. Bado ana la kukuambia, dada, na limo kinywani mwa wifi yako, na wifi yako anafunga mizigo!

Usimpigie simu. Nenda kwake, nenda na pasi yako. Anza na samahani, maelezo yako yasubiri. Iombe ile ovaroli, inyooshe pale pale jikoni, mbele yake. Kisha muulize tholn ni nini, na unyamaze mpaka amalize, hata akilia katikati, hata akikutania. Akimaliza, piga ngumi yako kwenye meza ile ile iliyomwagikiwa chumvi. Halafu mpe yale maneno yako mabichi, moja moja, ukianza na lile la harufu ya grisi. Hilo hatahitaji kufafanuliwa.

Mwisho wa mwezi kamsaidie kupakia. Na gari likianza kuondoka usimwambie kwaheri, neno hilo kwenu halipo. Mwambie hok, kisha uishike kamba kweli.