Honi ya Kware Haikulia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Phelister Anyango. Umri: miaka 24. Kazi: kuuza uji na chapati kwenye geti la kware, machimbo ya mawe. Elimu: darasa la nane. Makazi: ploti ya nne, barabara ya kware, nyuma ya mtaa wa Pipeline, Nairobi. Yameandikwa na Koplo Owuor, Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Kabla ya mengine naomba hili liandikwe. Sasa hivi ambulensi imepita nje ikipiga king'ora, na mtoto wangu Celine, wa miaka mitatu, ameruka kutoka mapajani mwangu akaingia chini ya meza ya afande, akaziba masikio. Afande amecheka. Mimi sijacheka. Nimemwambia, "Afande, andika hicho kitu. Hicho ndicho ushahidi wangu."

Nimekuja kwa sababu ya Mzee Bwire, anayepiga honi ya kware. Yuko seli tangu jana jioni na leo mchana anapelekwa kortini Makadara. Kampuni ya kware imesema alilala kazini, hakupiga honi, baruti ikalipuka na jiwe likamuumiza jirani yangu Ladan. Ni uongo. Nimekuja bila kuitwa kusema kuwa ni uongo.

Ile kware naijua kuliko nilivyoijua shule. Marehemu baba yangu alikata mawe pale kwa nyundo na tindo, wakati shimo lilikuwa fupi, unashuka kwa ngazi ya miti. Mama aliketi juu akiponda kokoto, mimi nikiwa mgongoni. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwa mawe ya mle. Mwaka 2014 kampuni ikaja na mashine. Sasa shimo limekatwa ngazi kubwa kubwa, kila moja kimo cha nyumba ya orofa tatu, na lori likiwa chini ukiliangalia ni kama kiberiti. Mashine hutoboa mashimo kwa mstari, fundi wa baruti anayajaza, anaunganisha waya, halafu wanalipua. Ni Jumanne na Ijumaa, saa saba mchana. Hiyo ndiyo saa tuliyokubaliana nao kwenye mkutano, na chifu alikuwepo.

Honi hulia mara tatu. Ya kwanza, watu watoke shimoni. Ya pili, sisi wa juu tunafungua madirisha, maana yakifungwa vioo vinapasuka, na tunaingiza watoto. Ya tatu ni moto. Celine hangoji ya pili. Akisikia ya kwanza tu anaingia chini ya meza yangu ya chapati, hata kama alikuwa amelala. Mzee Bwire humuinamia na kumuuliza, "Askari wangu, umeshafika?" Naye hujibu, "Nimefika, babu wa honi."

Mnamo tarehe 11 Novemba, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, lori namba saba lilikataa kuwaka pale getini. Msimamizi, anaitwa Nzuki, akaingia kibanda cha Mzee Bwire akatoka na betri ya honi. Nilikuwa nampimia uji turnboy, msaidizi wa dereva wa lori, hatua kama nne kutoka hapo. Nilisikia kila neno.

Mzee akasema, "Nzuki, hiyo ni ya honi."

"Mzee, wacha presha. Saa saba bado iko mbali. Utarudishiwa."

"Na isiporudi, nipige honi na mdomo?"

"Si uko na mdomo mkubwa!"

Watu wa lori wakacheka. Lori likawaka, likaenda na betri.

Saa tano na nusu Mzee alikuja kwa meza yangu akiwa na bendera yake nyekundu. Aliniambia ameulizia betri mara tatu na Nzuki hamjibu. Nikamwekea uji. Celine alikuwa ng'ambo ya barabara na Ladan, akimpa vibanio vya kuanikia nguo. Mtoto huwa hapo kila siku, sikuwa na wasiwasi, kwa sababu saa saba ilikuwa bado, na kwa sababu honi ingelia.

Ardhi ikatikisika. Niliangalia simu: saa tano na dakika arobaini na mbili. Mzee Bwire alikuwa ameshika kikombe changu mkononi. Aliyelala hashiki kikombe. Alikitupa, akakimbia barabarani akipiga kelele, "Ingieni! Ingieni ndani!" Honi ilikuwa ni mdomo wake, vile Nzuki alitaka.

Ladan alimlalia mtoto wangu. Jiwe la ukubwa wa sufuria lilimpiga kwenye nyonga. Nilipofika akaniuliza, "Mtoto yuko?" Nikasema, "Yuko, dada, hana kitu." Akasema, "Na vile nguo zangu zilikuwa zimetakata." Akazimia. Amelazwa, na daktari hajasema kama atatembea.

Saa sita Nzuki alisimama mbele ya watu wa ploti akasema honi ililia, Ladan ndiye mkaidi. Jioni akaja hapa kituoni akasema Mzee alilala, honi haikulia. Wachague moja. Mama wa watu amevunjwa akimfunika mtoto wangu, halafu wanatuona wajinga wa kubadilishiwa hadithi mara mbili kwa siku! Kwa nini walilipua mapema sijui, aulizwe Nzuki.

Nawaambia tena: honi ingelia, Celine angekuwa chini ya meza yangu. Alikuwa amesimama juani na kibanio mkononi. Januari anaanza nasari. Nataka akisikia kengele ya shule ajue ni ya kwenda kucheza.

Haya yote ni ya mdomo wangu, sijafundishwa na mtu, na niko tayari kuyarudia Makadara. Limebaki moja. Ile betri mtaijua. Ina herufi B ya rangi ya kucha nyekundu, nimeipaka mwenyewe mwezi wa sita kwa sababu betri zilikuwa zinabadilishwa. Leo asubuhi lori namba saba lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ofisi ya kware. Afande, ukienda leo utaikuta humo, lakini ukingoja kesho, Nzuki ata—

Sahihi ya shahidi: bado.

Maandishi ya afisa: Saa tano na dakika hamsini shahidi ameitwa kutoka kaunta, "Mama Celine, kimbia, mzee anapandishwa gari!" Ametoka na chupa ya uji aliyomletea mshukiwa. Atasomewa maelezo na kutia sahihi akirudi. Mtoto bado yuko chini ya meza yangu, amekataa kutoka. Nimemwambia dereva wa gari la Makadara azime gari, asiondoke na mzee kwanza. Nikishamkabidhi mtoto kwa mama yake, naenda kware mwenyewe kufungua lori namba saba nione hiyo betri. Koplo Owuor.