Jua Lilivyozama Coronel

Ijumaa, baada ya ibada ya kufungua Sabato

Bado nawaza vita vile vya meli vya Coronel, kwenye pwani ya Chile, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu nilichokisoma kilisema jua ndilo lililowaponza Waingereza. Lilizama nyuma yao, meli zao zikabaki nyeusi kwenye anga jekundu, na Wajerumani wakafichwa na giza la pwani. Meli zao mbili zilizama na kila mtu aliyekuwamo. Mimi, mwalimu wa historia, nilidhani mwandishi ametia chumvi.

Leo Baba Kevin amechelewa tena kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Kila Ijumaa ni hivyo hivyo, na Sabato haimngoji. Nilitoka nimekasirika, nikasimama bondeni kwenye migomba. Akatokea juu kilimani, jua limeshazama nyuma yake.

Mungu wangu. Niliona kila kitu, hata ukingo uliovunjika wa kikapu chake.

"Harakisha, Sabato imeingia!"

Akageuka huku na huku. "Uko wapi?"

"Hapa mbele yako!"

"Sikuoni."

Hasira ikaniisha. Wale mabaharia nao walikodolea giza macho hivyo hivyo, na giza likiwaona.

Kevin wetu ni mwanamaji, yuko Mombasa. Tulipomaliza kuomba nikakuta ametuma picha: "Mama, ona jua la huku!" Amesimama kwenye sitaha ya meli, anga lote nyuma yake ni jekundu.

Uso hauonekani. Nilimjua papo hapo.