Kipande cha ardhi katikati ya mto

Jumatano. Mvua imeamka kabla yetu, nami nimeamka nimenuna.

Leo ni siku ya tisa niko na baba huku shambani, nyuma ya kijiji cha Namawala, juu ya dungu, jukwaa letu la miti la kuwinga ndege. Mpunga unakomaa na maji yametuzunguka pande zote. Baba alikanyaga kisiki, mguu umevimba, kwa hiyo ndege nawafukuza peke yangu. Tumebaki wawili tu tangu mama afariki mwaka juzi.

Ili nisirukwe na akili, nafanya mazoezi ya Kichina nilichosoma chuoni. Leo nimeandika herufi 州. Mwalimu alituambia kwamba zamani ilikuwa mchoro wa mto wenye kipande cha ardhi katikati, mahali watu walipoishi maji yakiwazunguka. Baadaye ikawa na maana ya jimbo, maji yakasahaulika, ikabidi waongeze alama ya maji ubavuni, 洲, ili wapate tena kuandika kisiwa. Darasani niliona ni hadithi tamu. Leo nimeichukia.

Niseme ukweli, maana hapa baba hasomi.

Nimepata kazi. Ukalimani, kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara. Wanataka jibu Ijumaa, niripoti Jumatatu. Ujumbe wao ninao kwenye simu siku ya nne sasa. Kila asubuhi nikimpa baba shikamoo, anaitikia na kuuliza, "Hao Wachina bado?" Nami najibu bado. Maji siyo yanayonizuia, mtumbwi wa jirani unapita hapa kila siku. Lakini nikiondoka, ndege watamaliza mpunga kwa siku mbili, na huo ndio chakula chake cha mwaka mzima. Nampenda baba. Pia nina hasira naye, na hasira hiyo inanitia aibu.

Mchana alichungulia daftari langu, akaweka kidole katikati ya mistari ya 州. Nikamweleza maana yake.

"Kumbe hapa ni sisi," akasema. "Mama yako alinificha ugonjwa miezi mitano, eti nisiache mpunga. Na wewe mwanangu, unanificha nini?"

Nikamwambia yote.

Hakusema nenda, hakusema baki. Alivuta buti lake la mvua, akaanza kulivaa kwenye mguu ule uliovimba, kama anayekwenda kufukuza ndege mwenyewe. Haukuingia. Akajaribu tena.

Ijumaa ni keshokutwa. Niwaambie Wachina ndiyo, nimwache na mguu ule?