Paka wa Tatu Bado Ananishinda

Mwende, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, mdogo wangu,

Paka wamenishinda tena leo. Nakwambia wewe kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine anayejali. Mama nikimwambia ananitazama tu, kisha anaendelea kuchagua maharagwe.

Kile kimashine chetu cha gemu, alichotuletea shangazi kutoka ng'ambo, kingali kizima. Bado nakipeleka kwa kinyozi kikachajiwe, maana stima haijafika kwetu, naye bado anakiweka kando ya redio yake na kuniuliza, "Hao paka wako washajua kuimba?" Zamani alikuwa akikuuliza wewe. Wiki ya kwanza alisahau, akasema, "Na Mwende ako wapi leo?" Nilitoka mbio, kimashine kikabaki pale siku mbili.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana? Paka watatu jukwaani, wamevaa makoti meupe. Wawili wanapiga makofi, mimi ndiye wa tatu, nabonyeza zamu yangu ikifika, halafu kimya kidogo, halafu tunaanza tena. Mtoto wa nasari angeweza. Lakini mikono yangu imelelewa na kwaya ya kanisa letu, na kule nafasi ikibaki wazi katikati ya wimbo tunaijaza kwa makofi mawili ya haraka. Nikifika pale kwenye kimya, vidole vinabonyeza vyenyewe. Wale paka wawili wananigeukia na macho makali, na wewe ulikuwa ukianguka kitandani kwa kicheko. "Ndinda, si kanisani hapa! Hapo usijaze. Hapo ni pa kunyamaza."

Hata hospitalini ulinifundisha. Mkono mmoja ulikuwa na dripu, ule mwingine ukinigonga kiganjani: moja, mbili, tatu, kimya. Uliniambia nifumbe macho, nisiwatazame paka kabisa. Nikakuahidi nitaipata ile medali ya anayemaliza bila kukosa hata mara moja, kabla hujarudi nyumbani, nikuletee uione. Ukasema, "Basi harakisha." Ulisema hivyo tu, ukageukia ukuta.

Na sikuharakisha. La, niliharakisha, lakini vibaya. Ile Alhamisi nilipaswa kuja asubuhi na Mama. Nikamwambia atangulie, chaji imeisha, nitafuata mchana kimashine kikiwa kimejaa. Nikakaa kwa kinyozi, waya ukiwa ukutani, nikijaribu na kujaribu. Mara ya mwisho nilikosa mara moja tu, Mwende. Mara moja tu! Ndipo simu ya kinyozi ikalia, na alikuwa Mama. Uliniulizia? Mama anasema ulilala tu. Simwamini, na siwezi kumwuliza tena.

Baba alisema tukuzike hapa kwenye ploti, usiende mbali nasi. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mweusi ukanata kwenye majembe. Mama Nashipai wa ng'ambo ya ua alileta maziwa kwenye kibuyu, akakaa na Mama. Kisha kwaya wakaimba wimbo wako, na watu wote wakapiga yale makofi yetu, wakajaza kila nafasi. Mimi nilinyamaza pale pa kunyamaza. Mikono ilikataa. Ndiyo mara ya kwanza kupatia, na wewe hukuniona.

Nikadhani basi sasa nimejua. Wapi! Kwenye kimashine nikifumba macho nakusikia wewe, sisikii muziki, na vidole vinakimbia. Sijui nifanye nini tena. Yote uliyosema nimeyafanya.

Unajua ukishindwa mara tatu kile kimashine kinakuhurumia, kinauliza kama unataka kuuruka mchezo huo uende kwa mwingine. Leo kimeniuliza. Nimebonyeza hapana. Medali siwezi kukuahidi tena, naona haya. Lakini kila kikiniuliza nitabonyeza hapana, hata kikiniuliza mpaka kioo kizimike.

Lala salama, Mwende. Jumapili kwaya watapiga makofi yao, nami nitakuwa katikati yao. Pale pako sitapajaza.

Dada yako,
Ndinda